Kulala mchana au kutembea: uchovu wa saratani sugu ya damu

Mtu wa Kigoma anayeishi na saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi, yaani inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, akimeza kila siku imatinibu, dawa ya kuidhibiti saratani hiyo, anaweza kuandamwa na uchovu usioondoka hata baada ya usingizi mzuri, nao huweza kutokana na ugonjwa wenyewe, na dawa, au na upungufu wa damu.

Kulala mchana kunasaidia, mradi kusizidi dakika 30 hivi. Anayejilaza hadi alasiri hukesha usiku akihesabu mabati, na kesho yake huamka hoi zaidi.

Kutembea, ingawa mgonjwa huona kama anaonewa, ndiko ninakokupendelea, kwa kuwa mazoezi mepesi ya mara kwa mara yamethibitika kupunguza uchovu wa saratani. Mji wetu, hata hivyo, una miinuko: anayekaa Mwanga asianze kwa kuteremka hadi stesheni, maana kurudi ni kupanda. Atafute njia tambarare asubuhi, kabla jua halijawa kali, aanze na dakika 10, kisha aongeze polepole. Akihema kupita kawaida, moyo ukienda mbio au akishikwa na kizunguzungu, apumzike na kuwahi hospitali akapimwe wingi wa damu.