Kivinjari Kipi Kinafaa Kompyuta Yako? Chrome, Firefox, Brave na Edge kwa Kasi, Faragha na Viendelezi

Habari zenu watazamaji, na karibuni sana. Juu ya meza hii mnaona kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya GB 4, simu moja ya Android, na modemu inayotumia bando la kununua dukani kama mnalolinunua ninyi. Vifaa hivi nimevichagua kwa makusudi, kwa sababu chambuzi nyingi za vivinjari hufanyiwa kwenye kompyuta zenye nguvu na intaneti isiyo na kikomo, na katika mazingira hayo kila kivinjari huonekana chepesi. Tofauti huanza kuonekana pale kumbukumbu inapokuwa ndogo na kila megabaiti inapokuwa imelipiwa.

Kwa wiki kadhaa nimefanya kazi zangu za kawaida kwa Chrome, Firefox, Brave na Edge kwa zamu: barua pepe, magazeti, hati za mtandaoni, video na huduma za benki. Nilipanga kuwapeni alama tatu kwa kila kivinjari, yaani ya kasi, ya faragha na ya viendelezi, zile programu ndogo unazoziongeza kwenye kivinjari. Mpango huo nimeuacha, kwa kuwa nimegundua kwamba kwa mtu anayenunua bando mambo hayo matatu ni jambo moja, na mnavyoendelea kunisikiliza mtaona ni kwa nini.

Tuanze na kasi. Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi vyote vimejengwa juu ya Chromium, mradi wa chanzo huria, yaani ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ulioanzishwa na Google mwaka 2008. Opera iliiacha injini yake yenyewe, yaani sehemu inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona, mwaka 2013, na Microsoft ikafuata Januari 2020 ilipotoa Edge mpya. Kwa hiyo anayeshindanisha kasi ya Chrome, Edge na Brave anashindanisha chai ya birika moja iliyomiminwa katika vikombe tofauti. Vilivyobaki na injini yao wenyewe miongoni mwa vivinjari vikubwa ni viwili tu: Firefox ya Mozilla, inayotumia Gecko, na Safari ya Apple, inayotumia WebKit.

Kipimo kinachotumika zaidi siku hizi kinaitwa Speedometer, ambacho huangalia jinsi kurasa zenye vitufe, orodha na fomu zinavyoitikia unapozigusa. Toleo lake la tatu lilitoka Machi 2024, na lilitungwa kwa pamoja na wahandisi wa Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Napenda jambo hilo, kwa sababu mtihani uliotungwa na washindani wote mezani ni vigumu kumpendelea mmoja wao. Hata hivyo, kipimo hicho hakipimi kile kinachoichosha kompyuta kama hii yangu.

Nilifungua ukurasa mmoja wa gazeti katika vivinjari vyote vinne, kila kimoja kikiwa kama kilivyotoka kwa mtengenezaji wake. Katika vitatu, feni ya kompyuta ilianza kuvuma, maandishi yakawa yanaruka juu na chini wakati nikisoma, na video ambayo sikuiomba ikaanza kucheza pembeni. Kivinjari cha nne kilikuwa Brave, ambayo huzuia matangazo tangu siku ya kwanza, nayo ilifungua ukurasa uleule kwa utulivu. Kisha nikaweka kizuizi cha matangazo katika vile vitatu, na vyote vikatulia. Tofauti kati ya ukurasa wenye matangazo na usio nayo ilikuwa kubwa kuliko tofauti niliyoiona kati ya vivinjari viwili vyovyote.

Sababu yake ni hii. Ukurasa wa gazeti hautoki kwenye seva moja, yaani kompyuta moja ya mbali inayohifadhi kurasa. Kabla hujamaliza kusoma kichwa cha habari, ukurasa huo umeshaita seva nyingine nyingi: ya matangazo, ya kuhesabu wasomaji, ya vitufe vya mitandao ya kijamii, na ya kampuni za kati ambazo hujawahi kuzisikia. Kila mwito unakula bando lako, unachukua sehemu ya kumbukumbu, na unamwarifu mtu fulani kwamba ulikuwa pale, saa ngapi na kwa kifaa gani. Kizuizi cha matangazo kinapoukata mwito huo, kinakuongezea kasi, kinakutunzia fedha na kulinda faragha yako kwa tendo moja. Na kwa kawaida kizuizi hicho ni kiendelezi. Ndiyo maana nasema mambo haya matatu hayatenganishiki.

Kabla sijaiacha kasi, niseme neno juu ya kumbukumbu, kwa kuwa Chrome hulaumiwa sana kwa hilo. Mwaka 2018 Chrome ilianza kuitenga kila tovuti katika mchakato wake yenyewe, ili tovuti moja isiweze kuchungulia siri za nyingine, na Google ilieleza kwamba ulinzi huo unaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2021. Hiyo ni gharama ya usalama, na siwezi kuilaumu. Kwa mwenye kompyuta ndogo, Edge inastahili sifa kwa namna inavyovilaza vichupo (tabs) usivyovitumia, jambo ambalo nimeliona likisaidia kweli nikiwa na vichupo kumi na kitu.

Sasa faragha. Swali la kwanza ninalowaomba mjiulize ni hili: kivinjari hiki ni cha bure, je, mtengenezaji wake anaishi kwa nini? Sehemu kubwa ya mapato ya Google hutoka kwenye matangazo, na Chrome imeakisi jambo hilo. Januari 2020 Google ilitangaza kwamba ndani ya miaka miwili Chrome itaacha kukubali vidakuzi vya watu wa tatu, yaani faili ndogo zinazowekwa kwenye kivinjari chako na kampuni za matangazo ili zikufuate kutoka tovuti hadi tovuti. Muda ukasogezwa mara kadhaa, na Julai 2024 mpango wenyewe ukaachwa. Wakati huohuo Safari ilikuwa imevizuia vyote tangu Machi 2020, na Firefox, kuanzia Juni 2022, ilikuwa ikiifungia kila tovuti vidakuzi vyake katika chungu chake peke yake, kwa watumiaji wote wa kompyuta na bila kuwataka waguse mipangilio.

Hapa nisimame kidogo kwenye hali fiche (incognito), kwa sababu watu wengi wananiambia wanaitumia wanapofanya mambo yao ya siri. Hali fiche inakuficha kwa mtu atakayekalia kompyuta hiyohiyo baada yako, basi. Ukiwa kwenye duka la intaneti ina manufaa makubwa, kwani historia na vidakuzi vinafutika unapolifunga dirisha. Lakini tovuti unayoitembelea inakuona, kampuni inayokupa intaneti inakuona, na mwajiri mwenye mtandao anaweza kukuona pia. Kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 kuhusu hali fiche ya Chrome ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2024, na Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi zilizokusanywa.

Kuna utafiti wa mwaka 2020 wa Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, ambao bado naupenda kwa sababu aliuliza swali la wazi: kivinjari kikiwa na mipangilio yake ya awali, kinamtumia mtengenezaji wake nini kinapofunguliwa na unapoandika kwenye sehemu ya anwani? Alivigawa vivinjari sita katika makundi matatu. Brave ilikaa peke yake mbele, Chrome, Firefox na Safari zikafuata, na Edge ikawa nyuma pamoja na Yandex ya Urusi, kwa kuwa zilituma vitambulisho vinavyohusiana na mashine yenyewe. Programu hubadilika, na matokeo ya mwaka 2020 si hukumu ya milele, lakini swali lake linafaa kuulizwa kila mwaka.

Brave na Firefox nazo zina madoa, na ningekuwa ninawadanganya kama ningeyaficha. Juni 2020 watumiaji waligundua kwamba wakiandika anwani ya soko la sarafu za kidijitali la Binance, Brave ilikuwa ikiikamilisha kwa kuongeza msimbo wa kuiingizia kampuni kamisheni. Mwasisi wake Brendan Eich, ambaye pia ndiye aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995, alikiri kosa na wakalirekebisha. Firefox nayo inatoka Mozilla, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na malipo ya Google kwa ajili ya kuwa injini ya utafutaji ya awali, na Februari 2025 Mozilla ilizua malalamiko makali ilipoondoa maneno ya ahadi yake ya kutouza kamwe data za watumiaji, ikieleza kwamba baadhi ya sheria zinatafsiri neno kuuza kwa upana mno. Maelezo yao nimeyasoma, na nayaona yana mantiki ya kisheria, lakini ahadi ya wazi ilikuwa bora zaidi.

Tufike kwenye viendelezi, ambako ndiko hukumu yangu iliko.

Kiendelezi bora cha kuzuia matangazo ninachokifahamu ni uBlock Origin cha Raymond Hill, ambacho ni cha bure na cha chanzo huria. Katika utaratibu wa zamani, kiendelezi hiki kilisimama mlangoni: kila mwito uliotoka kwenye ukurasa ulipita mbele yake, kikautazama na kuamua upite au usipite. Google ikaleta utaratibu mpya unaoitwa Manifest V3, ambao kiendelezi hakisimami tena mlangoni. Kinachofanya ni kumkabidhi bawabu, ambaye ni kivinjari chenyewe, orodha ya sheria iliyoandikwa mapema, na bawabu ndiye anayeamua kwa kuifuata orodha hiyo, ambayo nayo ina ukomo. Google inasema utaratibu huu ni salama zaidi, na hoja yao ina ukweli ndani yake, kwa kuwa kiendelezi chenye uwezo wa kuona kila mwito kikiwa mikononi mwa mtu mbaya kitaona pia mambo yako yote.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Kiendelezi maarufu cha kulaza vichupo, The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kiliuzwa mwaka 2020 kwa mmiliki asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kiendelezi kidogo cha kupakua picha, na baada ya sasisho moja kikaanza kubadilisha matokeo ya utafutaji wangu bila ruhusa. Tangu hapo huwa ninasoma ruhusa zinazoombwa, na nikiona kikokotoo kinataka kusoma data zangu katika tovuti zote, sikiweki.

Lakini dawa ya Google imemgusa pia asiye mgonjwa. Kuanzia mwaka 2024 Chrome ilianza kuzima viendelezi vya utaratibu wa zamani, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin kamili haikuwa na nafasi tena humo. Kilichobaki ni toleo jepesi, uBlock Origin Lite, ambalo linafanya kazi ya kuridhisha katika kurasa nyingi, ila halina nguvu zote za kaka yake. Mozilla iliamua kuupokea utaratibu mpya bila kumfukuza mlinzi wa zamani mlangoni. Brave, kwa upande wake, imejenga kizuizi ndani ya kivinjari chenyewe, hivyo ulinzi wake mkuu hautegemei kiendelezi chochote.

Kwenye simu tofauti ni kubwa zaidi. Chrome ya Android haikubali viendelezi, ilhali Firefox ya Android ilifungua milango kwa mamia ya viendelezi Desemba 2023, uBlock Origin ikiwamo. Wenye iPhone wajue kwamba, isipokuwa pale sheria ilipomlazimisha Apple kulegeza, kama katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2024, kila kivinjari huko ndani kinatumia injini ileile ya WebKit. Na kwa wapenzi wa Opera Mini, ambao najua mko wengi, ni kweli kwamba inabana kurasa na kuokoa bando sana. Inafanya hivyo kwa kuzipitisha kwenye seva za Opera, na katika kiwango cha juu kabisa cha ubanaji hakuna usimbaji fiche, yaani kufunga ujumbe ili wa katikati asiusome, wa moja kwa moja kati ya simu yako na tovuti. Soma nayo habari, lakini usifungulie akaunti ya benki.

Kwa hiyo katika kompyuta hii nimeibakiza Firefox yenye uBlock Origin kama kivinjari changu cha kila siku, na Brave nimewawekea wazazi wangu, ambao hawapendi kugusa mipangilio. Chrome nimeiacha kwa ajili ya zile tovuti chache za huduma ambazo watengenezaji wake hawakuzijaribu kwingineko, na hilo linaniuma, kwa sababu tovuti ya umma haipaswi kumchagulia mwananchi kivinjari.

Mkitaka kuhama, fungueni mipangilio ya Firefox na mchague kuleta data kutoka kivinjari kingine, nayo italeta alamisho (bookmarks) na historia yenu. Nywila zikigoma kuja, zitoeni kwenye kivinjari cha zamani kama faili, kisha mziingize katika kipya. Faili hilo huwa na nywila zako zote zikiwa zimeandikwa wazi, hivyo ukimaliza lifute, kisha liondoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta kabla hujanyanyuka mezani.