St George's Hall, Liverpool: usiishie kwenye nguzo

Ukitoka tu stesheni ya Lime Street unakutana uso kwa uso na jengo la St George's Hall, lenye ukumbi wa muziki na mahakama ya zamani. Nguzo 16 za Kikorintho (mtindo wa Kigiriki wenye majani yaliyochongwa kileleni) upande wa mbele zinamtosha mgeni mwenye haraka: anapiga picha, anaondoka. Mimi nakusihi uingie, ulipie ziara ya kuongozwa, na uhakikishe inashuka hadi chini.

Jiwe la msingi liliwekwa 1838, mwaka Malkia Victoria alipovishwa taji. Yakatangazwa mashindano ya kubuni ukumbi wa muziki, kisha mengine ya kubuni mahakama, na yote mawili akayashinda Harvey Lonsdale Elmes, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ikaamuliwa vyote vikae chini ya paa moja. Elmes hakuliona likikamilika. Alidhoofishwa na kifua kikuu, akaenda Jamaica kutafuta nafuu, akafia huko 1847. Aliyemalizia ni Charles Robert Cockerell, na milango ikafunguliwa 1854. Mikono hiyo miwili inaonekana: nje kumetulia, hakuna kilichozidi, ilhali ndani mapambo yametamalaki. Kwangu mimi Elmes ndiye fundi zaidi.

Huko chini sasa. David Boswell Reid, daktari wa Kiskoti, alibuni mfumo wa hewa ambao karne ya 19 haikuwa imeuzoea kabisa. Feni zilizoendeshwa kwa mvuke zilisukuma hewa kwenye njia zilizofichwa ndani ya jengo. Wakati wa baridi hewa hiyo ilipashwa moto kwanza, ndipo ikapanda kumbini. Palikuwa na vibarua wa kufungua na kufunga vizuizi vya turubai kwa kamba, ili kila ukumbi upate hewa ya kuutosha. Niliposimama kwenye njia hizo nilivutiwa na vibarua hao kuliko majaji wote waliokalia viti vya juu.

Mahabusu nako usikuruke. Ni vyumba vya kubana, na kutoka hapo mshtakiwa alipandishwa ngazi hadi kizimbani. Florence Maybrick alihukumiwa kunyongwa humu 1889, akidaiwa kumuua mumewe kwa sumu. Adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1904. Kesi ziliendelea kusikilizwa hapa hadi 1984, huku muziki ukipigwa upande wa pili wa ukuta.

Kinanda kilichoundwa na Henry Willis, chenye mabomba zaidi ya 7,000, kinastahili safari ya peke yake siku ya onyesho.

Jambo moja la kupanga mapema: sakafu ya Ukumbi Mkuu ina vigae zaidi ya 30,000 vya Minton, kiwanda cha Kiingereza cha kauri, lakini sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa kwa mbao ili isichakae. Ulizia tarehe za kuifunua kabla hujakata tiketi ya treni.