Kulipokea gari jipya kiwandani Uswidi: uzoefu wangu na mpango wa Volvo

Naishi Maryland, kwetu ni Tanga, na gari ninaloendesha ni Volvo XC60 niliyokabidhiwa ufunguo wake Gothenburg, Uswidi, majira ya joto ya 2019, kando ya kiwanda kilichoiunda. Mpango wenyewe unaitwa Overseas Delivery. Unaagiza gari kwa wakala wa Volvo hapa Marekani, linatengenezwa kwa viwango vya Marekani, unakwenda kulichukua Ulaya, unalitembeza unavyotaka, ukimaliza unalirudisha na kampuni inalipakia melini hadi kwa wakala wako. Wenzangu wa Afrika Mashariki huku ugenini wakisikia habari hii husema hayo ni mambo ya matajiri. Sikubaliani nao. Kwa mtu aliyekwisha kuamua kununua gari hilohilo likiwa jipya, mimi nililipata kwa bei ya chini kuliko ningelinunua kwenye uwanja wa wakala, na safari ikawa juu yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Bei ya mpango ilikuwa imepangwa na kampuni, chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha dirishani, na haina kupatana. Ndani yake mlikuwa na tikiti mbili za ndege za kwenda na kurudi, usiku mmoja wa hoteli Gothenburg, usajili wa muda wa Uswidi, bima ya siku 15, nauli ya meli na ushuru wa forodha wa kuliingiza gari Marekani. Kodi ya mauzo na usajili wa jimbo unalipa mwenyewe kama kawaida. Ukitaka kukaa zaidi ya zile siku 15, unaongeza bima. Ukitaka kuliacha gari mji mwingine badala ya Gothenburg, nako kuna malipo. Mtu wa tatu kwenye msafara, tuseme mtoto, anakatiwa tikiti na baba yake.

Hapo kwenye forodha ndipo moyo wangu ulipotulia, na anayetoka kwetu atanielewa. Kaka yangu aliwahi kuagiza gari lililotumika kutoka Japani. Alilipa kwa kuangalia picha mtandaoni, akasubiri meli, na gari lilipofika bandari ya Dar es Salaam ndipo wakala wa forodha alipoanza kumpigia simu: leo makadirio ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kesho tozo za bandari, keshokutwa gharama ya kuhifadhi mzigo kwa sababu karatasi moja haijatoka. Mpaka anashika ufunguo hakuwa na uhakika gari limemgharimu kiasi gani. Mimi nilijua jumla kabla sijatia saini, na jumla hiyo haikubadilika.

Kikwazo kilikuwa huku Marekani, kwa muuzaji. Duka la kwanza nililoingia, ambalo sitalitaja, kijana aliyenipokea aliniambia mpango huo ulishakufa, halafu akanitembeza uwanjani anionyeshe magari aliyokuwa nayo. Nilipomwonyesha maelezo ya kampuni kwenye simu alikubali kwamba upo, ila akaniandikia karatasi yenye "ada ya maandalizi" ambayo hakuweza kunieleza ni ya nini. Nikamshukuru nikaondoka. Duka la pili nilimkuta mama mmoja aliyekwisha kuwapeleka wateja wengi Uswidi. Yeye alifungua kompyuta, tukachagua rangi, viti na injini, akanipa namba ya oda, na kila swali alikuwa na jibu lake. Kwa hiyo usiulize tu kama duka linauza Volvo. Uliza ni nani pale anayeshughulikia mpango huu na amewahi kuukamilisha kwa mteja yupi hivi karibuni.

Kuna mambo mawili watu hawaambiwi mapema. La kwanza ni malipo. Fedha zote hulipwa kabla hujapanda ndege. Kama umekopa benki, marejesho yanaanza mara moja, ina maana utalipa rejesho la kwanza, pengine na la pili na la tatu, gari likiwa bado baharini na wewe ukiendelea kutumia gari lako la zamani. Usiuze la zamani haraka.

La pili ni viza, na hili linatuhusu sisi kuliko Mmarekani wa kuzaliwa. Mimi nilikuwa nimeshachukua uraia, nikaingia Uswidi kwa pasipoti bila viza. Mke wangu alikuwa na grini kadi na pasipoti ya Tanzania, na grini kadi haikuondolei hitaji la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswidi ikiwemo. Ilibidi apate miadi, apeleke taarifa za benki, barua ya kazini, bima ya safari na uthibitisho wa hoteli. Kile cheti cha oda ya gari chenye tarehe ya makabidhiano kilitusaidia kueleza safari ni ya nini. Mwenye grini kadi ashughulikie viza mara tu tarehe inapotolewa, na ahakikishe tikiti hazifungwi kabla viza haijagongwa.

Makabidhiano yalikuwa Torslanda, nje kidogo ya Gothenburg, kwenye kiwanda kilichofunguliwa na Mfalme Gustaf VI Adolf mwaka 1964. Tulipandishwa kwenye kitreni cha buluu kinachozunguka ndani ya kiwanda, simu na kamera zikiwa mfukoni maana kupiga picha hairuhusiwi. Sehemu ya bodi ni roboti watupu: mikono ya chuma inainama, inachomelea, cheche zinaruka, inanyanyuka, na hakuna mtu karibu. Baadaye unafika walipo watu, na hapo kelele inapungua. Nilichokitazama mpaka kitreni kikanipitisha ni pale bodi inaposhuka kutoka juu huku injini, ekseli na mfumo wa chini vikipanda kutoka chini, vinakutana, vinafungwa. Fundi mmoja msichana alikuwa anapitisha waya kwenye mlango kwa mikono yake mitupu, bila haraka, akaubonyeza klipu baada ya klipu, kisha akapapasa mstari wote kwa kidole gumba kuhakikisha. Milango ya gari langu ilipita kwenye mikono ya namna ile. Hilo ndilo ambalo hakuna duka linaloweza kukuuzia.

Chakula cha mchana pale kilikuwa vibonge vya nyama vya Kiswidi pamoja na viazi vya kupondwa na jemu ya matunda mekundu ya porini. Waislamu wenzangu, ulizeni, kwa sababu vibonge hivi mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Tulisema mapema, tukaletewa samaki, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Gari lenyewe tulilikuta ndani ya ukumbi, limeoshwa, namba za muda zimeshafungwa. Mhudumu alikaa nasi muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alianza na viti, akaingia kwenye vioo, akatuonyesha jinsi ya kubadili dashibodi kutoka maili kwenda kilomita, kwa sababu gari la viwango vya Marekani linakuja na maili na barabara za Ulaya zote ni kilomita. Akatuambia redio ya setilaiti haitashika kitu mpaka tufike nyumbani. Akasisitiza mafuta: bensin 95, yaani petroli, na tusiguse pampu ya dizeli. Akamkabidhi mke wangu ufunguo mmoja na mimi mwingine.

Kabla ya kuondoka mjini tulipitia makumbusho ya Volvo, wakati huo yakiwa Arendal kando ya bahari. Kuna ÖV4, gari la kwanza la kampuni, lililotoka kiwandani tarehe 14 Aprili 1927, na wenyewe wanasimulia bila aibu kwamba siku ile lilipotiwa gia lilirudi nyuma. Lakini nilikokaa zaidi ni kwenye mkanda wa usalama. Mkanda wa pointi tatu aliubuni mhandisi wao Nils Bohlin, ukaanza kufungwa kwenye magari yao 1959, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Mimi nimekulia kwenye mabasi ya Tanga yasiyo na mkanda hata wa dereva. Nilisimama pale nikiwakumbuka watu ninaowafahamu kwa majina.

Tukashika barabara ya E6 kuelekea kaskazini. Anayeogopa kuendesha Uswidi asiogope. Barabara ni pana, alama zinaeleweka, na watu wanaendesha kwa adabu. Wanaendesha kulia, kama Marekani. Zamani walikuwa kushoto kama sisi Tanzania na Kenya, wakabadilisha nchi nzima tarehe 3 Septemba 1967. Taa za mbele zinawaka mchana na usiku, ni sheria. Mtembea kwa miguu akikaribia pundamilia, unasimama. Kiwango cha kilevi ni kidogo sana kuliko cha Marekani, promili 0.2, yaani asilimia 0.02 kwenye damu, kwa hiyo mnywaji aamue moja. Na Gothenburg ina tozo ya msongamano tangu 2013, kamera zinasoma namba unapoingia na unapotoka mjini siku za kazi. Mwulize mhudumu inavyokuhusu kabla hujatoka.

Pwani ya Bohuslän ndiyo iliyonifanya niishukuru safari. Miamba ya rangi ya waridi inaingia baharini, vijiji vya wavuvi vimepakwa rangi nyekundu na njano, na pale Smögen vibanda vya mbao vimejipanga juu ya gati ndefu, watu wanakula kamba wakiwa wameketi hapo hapo. Tulipofika Gullmarsleden, barabara iliishia majini na pantoni la manjano likaja kutuchukua. Nikatoa pochi. Jamaa mwenye fulana ya kung'aa akanionyesha kwa mkono nisonge mbele: halilipiwi, ni sehemu ya barabara. Mke wangu, ambaye amevuka Kigamboni tangu utotoni, aliuliza mara mbili.

Tanum ipo juu zaidi, nayo ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1994. Ni michoro ya enzi ya shaba iliyochongwa juu ya mwamba na kupakwa rangi nyekundu ionekane: watu, wanyama, na majahazi, majahazi mengi kweli. Mtu wa pwani hawezi kupita pale haraka. Kutoka hapo tukavuka mpaka wa Norwei, tukalala Oslo, tukarudi.

Kulirudisha gari hakukuchukua muda. Mnalizunguka pamoja na mpokeaji, anaandika kila mkwaruzo, mnatia saini. Hakikisha humo ndani hakuna kitu chako hata kimoja, maana haziruhusiwi mali binafsi melini, na piga picha zako mwenyewe za rimu na bampa. Miezi inayofuata ni subira tu. Kwetu ilikuwa takriban miezi miwili mpaka wakala alipopiga simu, na gari lilikuwa kama tulivyoliacha.

Mengine yamebadilika tangu wakati ule. BMW na Mercedes, zilizokuwa na mipango ya namna hii kwa wanunuzi wa Marekani kule Ujerumani, ziliiacha mwaka 2020. Makumbusho ya Arendal yalifungwa na yaliyokuwemo yakahamia World of Volvo, jengo kubwa la mbao lililofunguliwa katikati ya Gothenburg mwezi Aprili 2024. Masharti, bei na aina za magari hubadilika kila mwaka, na ushuru wa Marekani nao umebadilika, kwa hiyo hesabu zangu zichukue kama mfano na uombe za sasa kwa maandishi.

Nani asijisumbue? Anayetaka gari mwezi huu. Asiye na likizo. Anayependa kupatana bei mpaka muuzaji achoke. Na anayenunua akiwa na nia ya kulipeleka nyumbani. Mjomba wangu ameniuliza zaidi ya mara moja lini naliteremsha Tanga. Gari hili lina usukani kushoto. Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo, na magari yaliyotumika wanayapokea yasizidi miaka 8. Kwetu Tanzania, fikiria unataka kulipita lori kati ya Segera na Chalinze ukiwa umekaa upande wa majani, huoni kinachokuja mpaka gari lote limeshatoka upande wa pili. Nimemwambia mjomba atafutiwe la Japani, na nitamchangia nauli ya meli.