Tiketi za mkono wa pili, fainali ya Big Ten: nyota moja

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, basi acha niandike.

Naishi Brooklyn Park, hapa Minnesota, na binti yangu anacheza mpira wa kikapu shuleni. Machi ile ya 2024 mashindano ya wanawake ya Big Ten, ligi ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu, yalikuwa Minneapolis, hapa hapa jirani, na Caitlin Clark, nyota wa Chuo Kikuu cha Iowa, alikuwa ametoka tu kuipita rekodi ya Pete Maravich ya pointi nyingi zaidi katika daraja la kwanza la vyuo, 3,667, iliyokaa tangu 1970. Tiketi zilikuwa zimeisha kitambo. Iowa walipoingia fainali Jumamosi, nilifungua programu moja ya kuuza tiketi za mkono wa pili, nikalipa karibu dola 400 kwa viti viwili vya juu kabisa, nikaenda kumwamsha mtoto. Hakulala tena. Na usiku ule ndio huku Marekani saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, kwa hiyo hata mimi sikulala.

Tulifika mapema. Mtoto kavaa jezi namba 22, ya Clark, juu ya sweta, mikono kairudisha ndani kwa baridi. Nafungua programu: "Tiketi zako ziko njiani." Nikafunga, nikafungua. Kaduara kanazunguka tu. Kijana wa mlangoni alikuwa muungwana, akatuambia bila tiketi kwenye simu hawezi kutuingiza, akatuonyesha pa kusimama pasipo na upepo. Sina neno naye.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, dakika 20 hivi, ndipo akapokea mama mmoja. Nikampa namba ya oda. Akasema kwake inaonyesha tiketi zilishatumwa. Nikamwambia mimi sizioni. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuongea polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu, kama anamwelekeza mtoto wa chekechea. Akaniuliza kama najua programu ya simu ni kitu gani. Halafu: kuna mtu mwingine hapo ninayeweza kuongea naye?

Simu ilikuwa kwenye spika. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na lafudhi yake ni ya hapa, alinitazama, akautoa mkono kwenye sweta, akaunyoosha aipokee simu. Ana miaka 11.

Mimi ni muuguzi. Kila siku nawaeleza watu dozi za dawa zao kwa Kiingereza hicho hicho, na wanaelewa, na wanapona. Sikumpa mtoto simu. Niliongea mwenyewe mpaka mwisho, na jibu likawa lile lile: subiri.

Mechi ikaanza tukiwa nje. Kila kelele zikipenya mlangoni mtoto ananiuliza, "Baba, ni wetu hao?" Ningejuaje? Tiketi zilikuja zenyewe, bila maelezo wala samahani, kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha.

Sasa niseme haki. Tulichokikuta ndani sijawahi kukiona. Clark alikuwa amekwama kabisa kipindi cha kwanza, na wapinzani wao, Nebraska, walikuwa mbele. Kumbe moto wote aliuweka akiba: alimaliza na pointi 34, na 30 kati ya hizo alizifunga baada ya mapumziko, yaani sisi tukiwa tumeshakaa. Jaz Shelley wa Nebraska naye hakukubali, akafunga 30 zake. Ikaenda muda wa nyongeza, Iowa wakashinda 94 kwa 89, ubingwa wa tatu mfululizo. Bibi mmoja aliyevaa sweta ya njano, aliyeendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka Iowa, alimshika binti yangu mikono wakarukaruka wote wawili, bisi zikamwagika hadi safu ya mbele. Mtoto alikauka sauti. Dakika ile ningewapa hao wauza tiketi nyota nne, naapa. Nilisema moyoni, basi, yameisha, tumeona kilicho bora.

Lakini pointi 30 zile ni za Clark, si zao. Wao walichotuuzia ni mechi nzima, wakatupa nusu. Na hata hiyo nusu ningewasamehe, mechi ni mechi. Tukiwa njiani kurudi, binti yangu akauliza kwa hiyo sauti iliyokauka, "Baba, yule mama alidhani huelewi?" Nikamwambia ndiyo, alidhani hivyo. Akageukia dirisha, hakuongea tena mpaka nyumbani.

Niliandika malalamiko nikieleza yote, tiketi na yale maneno. Wiki kadhaa zikapita. Juu ya yale maneno hawakugusa kabisa. Walinitumia kuponi ya dola 25 ya kununulia tiketi nyingine kwao. Sikuitumia.