Kompyuta mpakato ya kupangia taa za Krismasi: ipi ununue ukiwa Dodoma

Ukitaka taa za nyumbani, za kanisani au za ukumbi wa harusi zifuate sauti ya kwaya badala ya kuwaka na kuzima tu, lazima uwe na kompyuta ya kuzipangia. Ukiingia dukani na kusema hivyo, muuzaji atakupeleka moja kwa moja kwenye mashine ya michezo, ile yenye kibodi kinachowaka rangi. Usikubali haraka. Pesa hiyo inatosha kununua mashine nzuri zaidi kwa kazi hii, na chenji ikaongeza nyuzi za taa.

Kwanza elewa kwamba kompyuta hii haikai nje usiku wa onyesho. Kazi yake ni kupanga. Ukishamaliza, faili unalihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, yenye Falcon Player, programu ya bure, nayo ndiyo itakayopiga muziki na kutuma amri kwenye kontrola, yaani kifaa kinachoziendesha taa. Kompyuta inabaki ndani, mbali na mvua za Desemba.

Programu ya kupangia ninayoipendekeza ni xLights. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Vixen, programu nyingine ya kupangia, nayo ni ya bure, ila ni ya Windows peke yake.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua ununue nini. Kila pikseli, yaani taa moja ndogo inayobadilisha rangi peke yake, ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Nyuzi 20 za pikseli 50 ni pikseli 1,000, yaani chaneli 3,000. Kwa fremu 40 kila sekunde, yaani taa kubadilishwa mara 40, wimbo wa dakika tatu una fremu 7,200. Zidisha: thamani milioni 21.6. Faili lenyewe ni dogo, halitakujazia diski. Kinachoichosha mashine ni kukokotoa upya kila unapobadilisha doido (mtindo wa taa kuwaka), na xLights huigawa kazi hiyo kwenye kore zilizopo, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Kwa hiyo pesa iende kwenye kore na RAM (kumbukumbu ya kazi). Kadi kubwa ya michoro inasaidia zaidi pale unapotazama mfano wa nyumba yako ukicheza kwenye skrini, na kwa madoido machache mazito.

Ya kwanza: kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi

Hapa ninazungumzia Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490. Zote zina tundu la waya wa mtandao, na hilo ni jambo kubwa kwetu. Kontrola nyingi za pikseli hupokea data kwa waya huo, na unapozijaribu taa, waya unaaminika kuliko Wi-Fi.

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu mbili. Core i5 na i7 za kizazi cha 7 zilizowekwa kwenye mashine nyembamba za ofisini zina kore mbili tu. Za kizazi cha 8 zina nne. Halafu Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Usizubaishwe na neno i7 lililobandikwa kwenye kava. Soma namba inayofuata: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na kwa kazi hii inaiacha mbali i7-7600U, ambayo ni ya kizazi cha 7.

Kati ya hizo tatu, naipenda zaidi T480. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, na ile ya nje unaichomoa na kuweka nyingine huku mashine inawaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaendelea. Ina nafasi mbili za RAM, hivyo ukiipata na GB 8 fundi anaongeza nyingine ifike 16, na hapo ndipo kazi inaanza kuwa raha. Angalia kitu kimoja: baadhi zilitoka na skrini ya 1366 kwa 768. Hiyo ni finyu mno kwa kupanga, maana mistari ya taa inajazana na hauoni wimbo ulipofika. Dai ya 1920 kwa 1080.

Ya pili: MacBook Air ya M1, ya 2020

Mashine nzuri kweli, na kwa mji wenye vumbi kama Dodoma ina sifa adimu: haina feni, kwa hiyo hakuna kinachonyonya vumbi ndani. Betri yake inadumu. Nimeiweka ya pili kwa sababu RAM yake haiongezeki, hivyo ya GB 8 itabaki hivyo daima, na utalazimika kununua adapta ya waya wa mtandao. Vixen haitaingia.

Ya tatu: mashine ya michezo

HP Victus, Lenovo Legion na ndugu zao zina nguvu, hakuna ubishi. Kwa mtu mwenye maelfu mengi ya pikseli, au anayehariri pia video za harusi, ni chaguo halali. Kwa wengine ni gharama isiyo na kazi, na feni zake zinahitaji kusafishwa vumbi mara kwa mara.

Ya kuacha: mpya ya bei rahisi

Prosesa dhaifu ya Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Ipo kwenye boksi, inanukia upya, na itakukatisha tamaa kwenye wimbo wa kwanza.

Kuhusu mahali pa kununua, Kariakoo kuna uchaguzi mpana, na kwa treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma 2024 safari si mzigo tena. Hata hivyo, kwa mashine iliyotumika ninapendelea duka la hapahapa mjini, ambako ukikuta kasoro unarudi kesho yake na risiti yako.

Kabla ya kulipa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ufungue sehemu ya utendaji (Performance), usome idadi ya kore na nafasi za RAM. Chomeka waya wa mtandao uone kama taa ya tundu inawaka. Ondoa chaja dakika kumi uone kama betri inahimili. Kisha izime, iwashe, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: nyingi zilikuwa mali ya makampuni, na ukikuta inadai nenosiri ambalo muuzaji hana, irudishe mezani uombe nyingine.