Amplifaya ya intaneti inayochemka na kulala hovyo: uzoefu wangu na tiba zake

Amplifaya ninayoizungumzia ni ya stereo, daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), wati 80 kwa kila upande kwenye spika za omu 8. Ina waifai, bluutuuthi, tundu la HDMI ARC la televisheni na programu yake ya simu. Iko sebuleni Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tatu. Kwa sauti naipa tano kwa tano: besi imekaza, na ukiweka taarabu unasikia kila uzi wa ganuni unavyoguswa. Kwa upande wa umeme naipa tatu. Inachemka hata ikiwa kimya, inalala katikati ya filamu, kuna siku haiamki, na kuna siku inaamka yenyewe saa nane usiku. Chapa siitaji, kwa sababu vituko hivi vimo kwenye amplifaya nyingi za aina hii na tiba zake hazitofautiani.

Watu wengi wakiona inachemka wanalaumu sauti kubwa. Chomeka kipima wati kati ya plagi na soketi uone mwenyewe. Yangu ikiwashwa bila muziki inakula wati 19. Ikicheza kwa sauti ya kawaida ya sebuleni inakula 23. Yaani muziki wenyewe umeongeza wati 4 tu. Kwenye stendibai (imelala ikisubiri amri) yenye "kuwaka haraka" inakula 11, na kwenye stendibai ya kawaida ya mtandao inakula 1.8. Amplifaya inayopigwa saa tatu kwa siku inakaa saa 21 tukidhani imezimwa, na zile wati 11 ndizo zinazoipika polepole usiku na mchana. Kwa hiyo anza na stendibai. Joto litapungua kabla hujagusa hata skrubu moja.

Fungua menyu ya umeme kwenye programu na uzime "kuwaka haraka". Utasubiri kama sekunde 25 muziki uanze badala ya tatu, lakini ndani patakuwa baridi usiku kucha, na kwa hesabu ya wati hizo unaokoa karibu uniti 6 za LUKU kwa mwezi. Kumbuka kuirudia menyu hiyo kila baada ya sasisho, maana sasisho mbili tayari zimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani bila kusema.

Kulala katikati ya filamu kuna sababu yake. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kifaa kisicho na kazi kijilaze chenyewe ndani ya dakika 20, ndiyo maana utaikuta dakika 20 kwenye menyu za chapa nyingi. Shida ni namna amplifaya inavyoamua kwamba haina kazi: inaangalia nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ukiwa umepunguza sauti kwenye televisheni au kwenye king'amuzi kisha ukapandisha kwenye amplifaya, mawimbi yanayofika ni dhaifu, na filamu yenye maongezi ya chini inahesabiwa kuwa kimya. Fanya kinyume: sauti ya king'amuzi iweke asilimia 80 hadi 90, halafu punguzia kwenye amplifaya. Ikiwa bado inalala, sogeza muda hadi saa moja au uzime kabisa kwa mlango huo mmoja wa kuingizia sauti, kama menyu inaruhusu. Usizime kwa milango yote, utarudi kwenye wati 19 za usiku kucha.

Kuamka yenyewe, mara nyingi mchokozi ni televisheni. HDMI hubeba amri za kuwashana, na kila kampuni ya televisheni imezipa jina lake: Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Televisheni inapojiamsha usiku kupakua sasisho, inaweza kuiamsha na amplifaya. Chomoa waya wa HDMI kwa usiku mbili. Ikilala salama, umempata mhusika: zima amri hizo upande wa televisheni, au acha ile ya sauti tu kama zimetenganishwa. Ikiendelea kuamka huku HDMI imechomolewa, angalia bluutuuthi. Simu iliyowahi kuunganishwa ikiingia sebuleni inaweza kuiamsha bila mtu kugusa kitu. Futa simu zote kwenye orodha, kisha rudisha zile mbili tatu zinazotumika.

Kutokuamka ni habari nyingine, na hapa watu wanapoteza hela kwa fundi bila sababu. Bonyeza kitufe cha mbele kwa kidole, si rimoti wala simu. Ukisikia relei (swichi ya ndani) inagonga "tak" na taa ikabadilika rangi, amplifaya ni nzima. Kilichopotea ni mtandao. Hutokea sana umeme ukikatika na kurudi: amplifaya inamaliza kuwaka kabla ya ruta, inatafuta waifai haioni, inakata tamaa. Subiri ruta itulie dakika tatu, ndipo uchomeke amplifaya. Halafu ingia kwenye ruta uitengee amplifaya anwani ya kudumu, na uiache kwenye waifai ya 2.4 GHz, inayopenya kuta za matofali vizuri kuliko ya 5 GHz. Hakikisha pia simu haipo kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu ruta nyingi zimetenga mtandao huo na vifaa vya ndani havionekani. Kama ruta iko chumba hicho hicho, waya wa mtandao wa mita tano unamaliza mjadala wote huu.

Sasa joto. Usipime kwa kiganja, kiganja kinadanganya. Tumia kipimajoto cha bastola cha mafundi wa friji, si kile cha kupimia watu homa, maana hicho kimetengenezwa kwa joto la mwili na hakifiki mbali. Na hapa kuna jambo linalowapotosha hata mafundi: alumini inayong'aa haitoi mionzi ya joto ipasavyo, kwa hiyo kipimo kitasema nyuzi 38 huku bamba likiwa linaunguza. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme chenye ukubwa wa kucha, kikae dakika mbili, kisha elekeza bastola kwenye hiyo tepu, sentimita tano kutoka hapo. Juu ya mfuniko yangu ilisoma 61 baada ya saa moja, chumba kikiwa nyuzi 31.

Cha kwanza kuondoa ni kitambaa. Najua tunavipenda vitambaa vya kufuma juu ya redio na televisheni, lakini amplifaya hii inapumulia matundu ya juu na kitambaa kinaziba pua. Cha pili, king'amuzi kisikae juu yake wala yenyewe isikae juu ya king'amuzi. Acha sentimita 10 juu na 5 kila upande, na kabati la kioo liwe wazi nyuma. Kisha inua miguu: zile kofia za mpira za miguu ya viti, nne, zenye kimo cha sentimita 3, zinaruhusu hewa baridi kuingia kwenye matundu ya chini. Kwa hayo peke yake mfuniko ulishuka hadi 54. Nikaongeza feni ya kompyuta ya milimita 120, ya volti 12, lakini nikailisha volti 5 kutoka tundu la USB la televisheni. Inazunguka taratibu, huisikii ukiwa umbali wa mita moja. Ilaze juu ya matundu ikivuta hewa kwenda juu, kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe. Ukiigeuza isukume chini inapigana nayo. Sasa inasoma 46.

Tofautisha kujizima kwa joto na kujizima kwa hitilafu ya spika. Kwa joto inachukua nusu saa au zaidi, na ikipoa robo saa inarudi. Ikijizima papo hapo, au kila besi inapopiga, kagua nyuma: uzi mmoja wa waya wa spika uliochomoza na kugusa jirani yake unatosha. Pima pia spika kwa mita ya fundi (multimita), waya zikiwa zimechomolewa. Spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma kama 3 na kitu. Jozi mbili za omu 6 zikiungwa sambamba ni omu 3, na amplifaya iliyoandikwa "4 hadi 8" haitavumilia hilo Januari ya Dar.

Umeme mdogo nao unachangia. Sapulai ya amplifaya hii, yaani sehemu inayopokea umeme wa ukutani, huvuta wati zile zile hata volti zikishuka, kwa hiyo zikishuka kutoka 230 hadi 180, mkondo unaongezeka kwa zaidi ya robo, na diodi na transista za mlangoni ndizo zinazobeba. Stabilaiza nzuri ni ile inayochelewesha kuwasha baada ya umeme kurudi, si ya kupandisha volti tu.

Kuanzia hapa ni ndani ya boksi. Kapasita kuu (kifaa kinachohifadhi umeme) inashika volti 325 za moja kwa moja hata baada ya kuchomoa. Subiri dakika kumi, kisha pima kwa mita kabla ya kuingiza bisibisi. Kama hujawahi kushika bodi ya umeme, mpe anayejua. Vumbi litolewe kwa brashi laini na bloa, si kwa mdomo, mate yana chumvi. Karibu na bahari fanya hivyo kila mwaka.

Kati ya chipu na bamba la kupozea utakuta grisi iliyokauka au pedi ya silikoni. Grisi isafishe kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Lakini kama ilikuwa pedi, rudisha pedi ya unene ule ule. Nimeona bodi ambayo pedi ya milimita 1 ilitolewa ikawekwa grisi: pengo lilibaki, chipu ikawa inajizima kila baada ya dakika tano. Skrubu zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, ukikaza upande mmoja kwanza unapasua chipu.

Ikiwa taa ya mbele haiwaki kabisa, au inapepesa na kuzima, pima laini ya stendibai. Inatakiwa volti 5.0 hadi 5.2. Yangu ilikuwa 4.3 na inayumba. Wahusika wakuu ni kapasita mbili: ile ya µF 1000 volti 10 kwenye laini hiyo, na ndogo ya µF 47 volti 50 kando ya chipu inayoanzisha sapulai. Zimekaa jirani na bamba la moto, na maisha ya kapasita ya maji (elektrolitiki, kama hizi) hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Haihitaji kuvimba ndipo ihesabiwe imekufa. Hizi zilikuwa bapa kabisa juu. Nunua zilizoandikwa 105°C, ukatae za 85, na uziweke upande sahihi wa hasi. Baada ya kubadilisha, iwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 ya nyuzi iliyoungwa mfululizo: ikiwaka kidogo na kufifia ni sawa, ikibaki inang'aa kuna shoti, chomoa.

Kama unataka kununua ya namna hii, kabla ya kulipa mwombe muuzaji afungue menyu mbele yako. Tazama kama "kuwaka haraka" inazimika, kama muda wa kujilaza unabadilishika kwa kila mlango, na kama kuna swichi halisi ya kukata umeme mgongoni. Yangu haina swichi hiyo. Ninaposafiri nachomoa plagi.