Felowshipu ya ualimu kwa madaktari wa familia: nilichokipata Dodoma na kilichonikera

Wenzangu kadhaa wameniuliza kama haya mafunzo ya ualimu kwa madaktari wa familia yana maana, ile felowshipu ya mwaka mmoja inayochanganya masomo ya mtandaoni na vikao vya ana kwa ana hapa Dodoma mjini. Jibu langu ni nendeni. Ila nendeni mkijua mnalipia nini, kwa sababu kuna sehemu moja yenye thamani kubwa mno, na kuna nyingine ambazo daktari mwenye bando la intaneti anaweza kuzisoma mwenyewe akiwa nyumbani kwake.

Mimi niko hospitali ya wilaya. Kwa watu wa daraja letu ualimu hauombi ruhusa, unakukuta tu kazini. Wanafunzi wa utabibu wanaletwa, tarajali (madaktari waliomaliza chuo na wako kwenye mazoezi ya kazi) wanaripoti, wa chuo kikuu wanapita kwa mafunzo ya jamii, na wote wanakukuta wodini saa mbili asubuhi huku foleni ya OPD, yaani wagonjwa wa nje, imeshafika getini. Hakuna mahali tulipofundishwa kufundisha. Na tiba ya familia, yaani ubingwa wa kuhudumia watu wa rika zote na magonjwa ya kila aina, hapa nchini bado ni changa: Aga Khan pale Dar es Salaam walianza kutoa ubingwa huu mwaka 2004, kwa hiyo waliobobea ni wachache na karibu kila anayehitimu anageuzwa mwalimu hata kabla hajazoea ofisi yake. Wamarekani walipita njia hiyohiyo. Tiba ya familia ilitambuliwa kwao kuwa ubingwa kamili mwaka 1969, programu zikafunguliwa kwa kasi, na waliotakiwa kuzifundisha wakatolewa kwenye kliniki zao za mitaani, watu waliowajua wagonjwa vizuri sana lakini hawakuwahi kusimama mbele ya wanafunzi. Felowshipu za namna hii zilitokana na uhaba huo.

Sasa nieleze hiyo sehemu ya thamani. Mlezi wako, yaani mkufunzi wa felowshipu anayekufuatilia, anakuja hospitalini kwako, au kwa mwenzako wa kikundi, anasimama pembeni ya raundi na anakuangalia ukifundisha. Haongei. Anaandika, na simu yake inahesabu sekunde.

Siku ya kuangaliwa kwa mwenzetu kutoka Singida tulikuwa wodi ya watoto. Mtoto wa kama miaka saba, macho yamekuwa ya njano, tumbo linauma, ametapika, familia imetoka Chemba. Tarajali akatoa maelezo yake, mwenzetu akauliza: "Utamwuliza mama nini kingine?" Kabla tarajali hajavuta pumzi, mwenzetu akaanza kueleza mwenyewe homa ya ini, malaria, selimundu, na maelezo yalikuwa mazuri kwelikweli. Tulipotoka korido mlezi akamwonyesha simu. Sekunde moja na kidogo, ndiyo nafasi aliyompa kijana kufikiri. Akatueleza kwamba mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hilo madarasani miaka ya 1970 na akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu, na wanaposubiri tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yanarefuka na wale wakimya wanaanza kusema.

Wakarudi kitandani. Swali lilelile, safari hii kwa wote. Kukawa kimya, kimya kinachokera kidogo, unasikia feni na mtoto wa kitanda cha jirani akikohoa. Kisha binti mmoja wa utabibu ambaye raundi nzima alikuwa amejificha nyuma ya faili akasema: "Ningemwuliza mahindi wanayokula waliyahifadhi wapi." Kila aliyekuwa kazini mkoani hapa mwaka 2016 anajua kwa nini mlezi wetu aliacha kuandika. Mwaka ule watu wa Dodoma na Manyara waliugua na kufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu iliyokuwa kwenye mahindi, na walikuja na njano hiyohiyo na tumbo hilohilo. Binti alikuwa na swali hilo kichwani muda wote.

Hiyo nusu saa ningeilipia ada yote. Unaweza kusoma vitabu vyote vya elimu ya udaktari na usijue unavyoonekana ukiwa mbele ya wanafunzi, mpaka mtu akae pembeni, akutazame, na akwambie kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Kinachofuata kwa ubora ni zile hatua tano za kufundisha kwa dakika chache, zilizobuniwa na madaktari wa familia wa Seattle na kuchapishwa mwaka 1992. Nafurahi kwamba zimetoka kwa watu wa fani yetu, kwa sababu zinaonyesha wanaijua foleni. Unamfanya mwanafunzi aseme yeye anadhani ni nini. Unamwuliza kimemfikisha hapo nini. Unampa kanuni moja atakayoondoka nayo, moja tu. Unamwambia alichofanya sawa, kwa kukitaja: usiseme "vizuri" ukaishia hapo, sema "umepima presha mikono yote miwili, endelea hivyo." Halafu unasahihisha kilichokosewa. Mimi hatua ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mara nyingi jibu ni sahihi na njia aliyopitia ni mbovu, na usipouliza hutajua mpaka akutane na mgonjwa mwingine akiwa peke yake kwenye zahanati huko Bahi.

Walikazia pia jambo la kumheshimu mgonjwa wakati wa kufundisha. Mzee amelala, wanafunzi wanane wamemzunguka, wanajadili figo zake kwa Kiingereza naye anawatazama midomo. Wakufunzi walitutaka tumsalimie kwanza, shikamoo yake aipate, tumwombe ruhusa, tumweleze tutakachokizungumza, na mwisho mwanafunzi mmoja amrudishie kwa lugha anayoielewa. Inachukua dakika mbili tatu. Nimeona wazee wakianza kutoa historia ambayo hawakuitoa siku ya kulazwa.

Siku ya kutunga OSCE, mtihani wa vitendo ambapo mwanafunzi anapita kituo hadi kituo akipimwa, nayo ilikuwa nzuri. Mtihani huu wa vituo aliuanzisha Ronald Harden kule Dundee, Scotland, na ulichapishwa mwaka 1975. Sote tumeufanya kwa jasho, lakini kuutunga ni habari nyingine. Kikundi chetu kiliandika kituo cha kumshauri mama mwenye kisukari, muuguzi mmoja akaigiza mgonjwa, tukafanyiana. Ilionekana palepale kwamba maswali yetu yalikuwa yanapima kukariri, na kwamba mtu angeweza kupata alama zote bila kumtazama mama usoni. Tukaandika upya hadi jioni.

Yaliyonikera. Moduli ya utafiti na uandishi wa makala ilikuwa ndefu kupita kiasi, slaidi juu ya slaidi. Najua vyuo vinapandisha watu vyeo kwa machapisho, lakini wengi wetu tuliokuwa pale si wa vyuo, na zile wiki zingetumika kutuongezea siku za kuangaliwa. Video za mfano zilitoka kliniki za ng'ambo, daktari na mwanafunzi mmoja, mgonjwa mmoja, chumba kimya, kompyuta mezani. Ilitubidi sisi wenyewe tukae wakati wa chai kupanga hilo jambo litafanyikaje pale mnapokuwa wanne chumbani na dirisha la dawa linagongwa. Wakufunzi walikubali tulipowaeleza, na kikao kilichofuata kililetwa kisa cha hapahapa, jambo ninalowapongeza. Vipindi vya mtandaoni viliwekwa jioni bila kuuliza ratiba ya zamu, na rekodi zilichelewa kupandishwa. Ukumbi na chakula havina tatizo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba mwaka ukiisha, kuangaliwa kunaisha pia. Unapewa cheti, unarudi kwenye foleni yako, na presha ya kazi inakusukuma taratibu kwenye zile zile sekunde moja na kidogo. Waandaaji wangeongeza hata ziara moja baada ya miezi sita, mafunzo haya yangekuwa na uzito mara mbili.

Kwa wanaotaka kwenda: kabla ya kulipa, waulize waandaaji ni mara ngapi mtu atakuja kukuona ukifundisha wagonjwa halisi. Kama jibu ni hakuna, tafuta kwingine. Barua ya ruhusa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ipelekwe mapema, kabla ratiba ya zamu haijapangwa, na ieleze wazi kwamba hospitali itapata nini. Na jitahidini muwe wawili kutoka kituo kimoja. Mimi nilibahatika kuwa na daktari mwenzangu, na sasa kila Alhamisi mmoja anafundisha na mwingine anasimama pembeni na simu. Walioko Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wanaotaka kuja kuangalia au kuangaliwa, semeni hapa chini tupange. Raundi yetu inaanza saa mbili kamili, na baada ya hapo kuna chai.